Pius Alivyokufa kwenye Video

Kaka yangu Pius alikuwa analia kwenye filamu mahali ambapo watu wengine hawalii. Sisi tulilia pale mama wa steringi anapokata roho, au ndugu waliopoteana wanapotambuana sokoni. Pius hapo alikuwa mkavu kabisa, anatafuna karanga. Halafu filamu ikionyesha mtu anafunga kamba za viatu, yeye ungemwona anageuza uso.

Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha filamu Dar es Salaam. Akija likizo alikaa karibu na karai la Mama pale mwaloni Busisi, wavuvi wanaposhushia samaki, jirani na feri, akatusimulia filamu walizoonyeshwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nikimsaidia Mama kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vya mjini vilituachia baada ya minofu kupanda ndege.

"Juzi wametuonyesha moja nzuri sana," alisema siku moja. "Mama mmoja anaosha vyombo."

"Halafu?" nikamuuliza.

"Anavifuta."

"Halafu?"

"Anavipanga kabatini."

Mama akageuza samaki. "Na ada yote ile ni ya kuangalia mtu anaosha vyombo? Sufuria hizo hapo, Pius. Zioshe, na sisi tukuangalie."

Tulicheka, naye akacheka. Kisha akasema, "Mama, nililia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nyuma yake muda wote, na hakuna mtu aliyeingia."

Filamu nyingine ilikuwa ya vita. Wenzake waliisifu, yeye ilimkera. Alisema watu wanakufa vizuri mno mle. Mtu amepigwa risasi ya tumbo, nywele zimechanwa, anaongea maneno marefu ya busara, halafu anafumba macho kama anasinzia kanisani. "Waliotengeneza ile hawajawahi kumshikia mgonjwa beseni," alisema. Yeye alikuwa amelishika. Baba yetu alikufa kwa mapafu, akiwa amelala nyumbani msimu mzima, na Pius ndiye aliyemlisha na kumgeuza.

"Siku nikipata nafasi," akasema, "nitakufa vile watu wanavyokufa kweli."

Mama akamtupia mkia wa samaki. "Ulimi huo! Utaitwa na unaowataja."

Nafasi aliipata. Mradi mmoja wa afya ulikiomba chuo chao kitengeneze filamu fupi ya kuelimisha watu juu ya ukimwi, isambazwe kwenye vibanda vya video kandokando ya ziwa. Mtu aliyepangwa kuigiza mgonjwa alijitoa, mke wake alimkatalia. Pius akasema ataigiza yeye. Ili afanane na mgonjwa aliacha kula. Kwa wiki kadhaa alikunywa uji mara moja kwa siku, na usiku alilala kidogo makusudi ili macho yaingie ndani. Aliporudi likizo mwisho wa mwaka wa tisini na saba, mvua za Elinino zikiwa zimechachamaa, Mama alimpokea akashindwa kuitikia shikamoo yake.

"Nimekonda kwa ajili ya kazi, Mama. Nitanenepa tu."

"Kazi gani hiyo?"

Akamweleza. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwekea ugali mkubwa na sato mzima.

Sasa nieleze kibanda cha Nurudin, maana yote yalianzia pale. Nurudin alikuwa mtu wa mchanganyiko, baba yake Mwarabu, mfanyabiashara wa zamani Mwanza mjini, mama yake Mkerewe. Biashara huria ilipofunguliwa alinunua televisheni, deki na jenereta, akasimamisha kibanda cha mabati hatua chache kutoka mahali pa kusubiria feri. Wateja wake walikuwa wasafiri. Feri ikiwa upande wa pili, Kigongo, waliingia wakakaa kwenye mabenchi. Honi ya feri ikilia, walinyanyuka wote, hata kama steringi ndiyo kwanza amemkamata adui koo. Nurudin hakuwalaumu. Alizima jenereta pale pale. "Petroli si maji ya ziwa," alikuwa akisema. Kwa hiyo sisi watoto wa Busisi tulikua tukijua filamu nyingi nusunusu. Miisho tuliitengeneza wenyewe kwa ubishi.

Ile filamu ya mradi Nurudin alipewa bure, kwa sharti kwamba aionyeshe kabla ya filamu za kulipia. Pius hakujua kama imefika mpaka siku alipopita sokoni na mchukuzi mmoja wa mizigo anayeitwa Ngosha akamwamkia kwa kelele, "Marehemu! Habari za huko?"

Pius alicheka. Aliipenda ile. Alikuja mbio kwa Mama. "Wameniona! Wameamini!"

Nilikwenda naye kuitazama. Sikujua kama ni kaka yangu. Alikuwa amelala juu ya mkeka, midomo imepasuka, anajaribu kufukuza nzi na mkono haufiki. Ndugu zake wa kwenye filamu walimtengea kikombe chake na sahani yake. Aliomba maji kwa sauti ya Baba. Nasema ya Baba kwa sababu ndiyo iliyokuwa. Mwanamke mmoja msafiri alishika kinywa. Kisha yule mgonjwa akafa, kwa kuchukua muda, bila neno lolote la busara, na taya likaachia. Hapo honi ikalia. Watu wakatoka, mmoja akasema, "Masikini, na bado kijana." Nurudin akazima jenereta.

"Bosi, bado haijaisha," Pius akamwambia.

"Amekufa huyo. Iendelee wapi tena?"

Iliendelea. Baada ya kifo, waigizaji walisimama wote mbele ya kamera, kila mmoja akataja jina lake. Wazo hilo lilikuwa la Pius mwenyewe. Alisema, "Mimi naitwa Pius, ni mwanafunzi wa filamu, ni mzima. Nimeigiza. Aliye mgonjwa kweli usimtengee kikombe." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho ya filamu, na Busisi hakuna aliyeyasikia. Kigongo hawakuyasikia pia, wala Misungwi, kwa sababu habari ilivuka na feri pamoja na waliotoka kabla ya mwisho.

Katika kipindi kile Pius alikuwa amechumbia. Msichana aliitwa Kija, wa Misungwi, alimjua tangu sekondari. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekubaliwa. Siku moja alikuja baba mdogo wa Kija akiwa na mwavuli, akakaa, akakataa chai. Alizungumza na baba yetu mdogo Ndalahwa, ambaye ndiye aliyesimama mahali pa Baba tangu Baba afariki. Tulisikia neno moja tu lililotamkwa wazi, "Ng'ombe wapumzike kwanza."

"Kwa nini wapumzike?" Pius akauliza kutoka mlangoni.

Yule mzee alimtazama kwa huruma. "Wewe upone kwanza, mwanangu."

"Mimi siumwi."

"Najua," akasema kwa upole. "Najua."

Tangu siku hiyo nililisikia jibu hilo kila mahali. Pius akisema ni mzima, watu walishusha sauti wakasema wanajua. Kinyozi alimwambia mashine imeharibika. Ngosha aliacha kumwita marehemu, akaanza kumwamkia kwa heshima, na hilo ndilo lililomtisha Pius zaidi. Siku moja Mama alirudi kutoka gulioni na kikombe kipya cha plastiki, chekundu, akakiweka pembeni ya vyombo vingine. Hakusema cha nani. Pius alikichukua, akanywea maji.

"Cha kwenye filamu kilikuwa cha bluu," akaniambia.

Nilikwenda kwa Nurudin nikamwomba aonyeshe mwisho peke yake, siku ya gulio, wakati watu ni wengi. Alikubali. Nadhani ilimwingia kwamba kuzima kwake ndiko kulikoleta mambo. Alisimama nje ya kibanda akapaza sauti, "Leo mwisho tu! Mwisho bila mwanzo! Bure!"

Watu walijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Pius alisimama pembeni ya televisheni akiwa amevaa shati lake zuri. Kwenye kioo, Pius mwingine aliinuka kutoka kwenye mkeka, akajipangusa, akacheka, akasema jina lake na kwamba ni mzima.

Kisha Ngosha akasema, "Mbona hata hapo amekonda?"

"Eeh," mwingine akaitikia. "Kama alikuwa anaigiza, hapo si igizo limekwisha? Mwili ungerudi."

"Mwili haurudi dakika moja!" Pius akasema. "Nilikuwa sili. Niliacha kula makusudi."

Kicheko kililipuka mle ndani, kicheko cha kweli, wanawake wakapigana mabega. "Makusudi!" Ngosha akafuta machozi. "Jamani, katika nchi hii nani anaacha kula makusudi?"

Hata Nurudin alicheka, akajifanya anakohoa.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Pius amekaa kwenye gogo nje, anacheka peke yake bila furaha. "Selina, pale chuoni wanatuandikia kurasa kusema kama tumefanya vizuri. Hakuna aliyewahi kunipa sifa kama ile ya leo." Baadaye akasema, "Nimeangalia filamu nyingi za uongo nikazidharau. Sasa naona uongo wao ulikuwa na adabu. Mtu akifa na nywele zimechanwa, kila mtu anajua atafufuka akale chakula cha jioni."

Alitakiwa kurudi chuoni Januari, lakini barabara na reli zilikuwa zimekatwa na mvua. Maji yalisimama kila mahali, kwenye mashimo, kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, kwenye matairi. Mbu walikuwa wengi hata mchana. Watoto wa majirani waliugua mmoja baada ya mwingine, wakapelekwa zahanati, wengi wakapona.

Pius alianza kutetemeka mchana wa jua kali, akaomba blanketi. Mimi niliijua. Kila mtu wa ziwani anaijua. Nikaenda duka la dawa. Muuzaji akaniuliza nataka ya nani.

"Ya kaka yangu. Ana malaria."

"Yule wa video?"

"Ana malaria."

"Sawa, dada, najua." Akanifungia Panadol. "Mpe na uji wa lishe. Msihangaike sana."

Nikagoma kuondoka mpaka akanipa klorokwini. Pius alizimeza akazitapika. Nikamwambia baba mdogo Ndalahwa tumpeleke hospitali, ng'ambo. Alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia ndani sana.

"Selina, mwanangu. Baba yako tulimpeleka kila mahali. Tulimzika yeye na zizi lake. Huyu mwache apumzike kwao, mbele ya mama yake."

"Baba mdogo," Pius akasema kutoka kitandani, meno yanagongana. "Ni malaria tu."

"Najua, mwanangu."

"Usiniambie unajua!" Pius akapiga kelele, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpigia mkubwa kelele. Ndalahwa akatoka. Niliona mabega yake yanatikisika akielekea nyuma ya nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamlilia mtu aliyekwisha kumzika.

Mama alikaa pembeni ya kitanda akimpepea. Nilimwambia, "Mama, wewe ulisikiliza mpaka mwisho alipokueleza. Ulimwekea ugali." Aliendelea kupepea. Alikuwa anamwangalia mwanawe aliyelala juu ya kitanda, midomo imepasuka, na najua alikuwa anaona nini, kwa sababu hata mimi niliona vile vile. Alifanana. Alikuwa ameigiza vizuri kiasi kwamba ugonjwa ulipokuja kweli haukuwa na sura yake yenyewe ya kuvaa.

Pius alipoanza kuongea maneno yasiyo na maana, akimwamrisha mtu asogeze taa, Mama ndiye aliyesimama. "Tafuta baiskeli," akaniambia.

Tulimkalisha kwenye kiti cha nyuma, Mama akimshikilia upande huu na mimi upande ule, tukaisukuma baiskeli mpaka feri. Kwenye feri watu walitupisha. Sijawahi kupata nafasi kubwa kama ile kwenye feri ya Busisi, ambapo siku zote mtu husimama juu ya kuku wa mwenziwe. Nilisikia mtu akimnong'oneza mwingine, "Ndiye yeye. Kumbe alikuwa hajafa." Kigongo tulipata pikapu ya mkaa mpaka mjini.

Daktari alikuwa kijana, pengine umri wa Pius. Alichukua damu, akarudi akiwa na hasira. "Malaria imepanda kichwani. Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Walimtundikia maji ya kwinini. Mama akamfuata daktari mpaka kwenye korido, akasema, "Mwanangu, na ule mwingine?"

"Upi, mama?"

Mama alishindwa kuutaja. Alishika tu mashavu yake, akayabonyeza ndani.

Daktari akaelewa. "Huo tumepima. Hana."

Mama alikaa chini pale pale kwenye sakafu, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Nilidhani ni faraja imemshusha. Kisha akaanza kujipiga mapajani kwa viganja, polepole, bila sauti. Pius alifariki asubuhi iliyofuata, wauguzi wakibadilisha zamu. Alikufa na nywele zake zimechanwa. Mama alikuwa amemchana mwenyewe alfajiri, hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Tulimzika Busisi, jirani na Baba. Watu walikuja wengi, wa pande zote mbili za maji. Kabla ya kwenda kaburini katekista aliomba wasifu wa marehemu usomwe, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, kazi iliniangukia. Ndalahwa alinivuta pembeni. "Ukifika kwenye ugonjwa sema aliugua kwa muda mrefu. Inatosha. Watu wanaelewa."

Mama alikuwa nyuma yetu. "Sema malaria," akasema. "Sema kwa sauti, hata wa feri wasikie."

Nikasimama mbele ya jeneza. Nikasoma alipozaliwa, shule alizosoma, chuo chake. Nikasema aliugua malaria, chini ya juma moja, akafa kwa malaria. Nililitamka neno hilo mara tatu. Nikainua macho nikaangalia watu.

Walikuwa wanaitikia kwa vichwa, kwa utulivu. Hakuna aliyeshangaa. Hapo ndipo nilipokumbuka mazishi yote niliyohudhuria miaka ile. Mwalimu wetu wa hesabu, malaria. Mke wa dereva wa lori, malaria. Vijana wawili wa nyumba moja kule mwaloni, malaria, malaria. Lilikuwa neno la kuwafunikia wafu, na watu walilipokea kama wanavyopokea shuka jeupe, bila kuuliza lililo chini yake.

Mzee Shimba, baba yake Kija, alinishika mkono kwa mikono miwili baada ya kaburi kufukiwa. "Umefanya vema, mwanangu," akasema. "Umemsitiri kaka yako."

"Ilikuwa malaria, baba."

"Najua," akasema.

Kija mwenyewe alikuwa amekaa na wanawake, kitenge amekivuta mpaka kwenye nyusi. Watu walipoanza kutawanyika alinifuata nyuma ya nyumba, tulikobandika sufuria za msiba. Alikuwa amekonda kwa kulia. Alihakikisha hakuna mtu karibu.

"Wifi," akaniambia, akiniita jina ambalo hatukufikia kuitana. "Mimi nisomee ukweli. Si ule wa mbele ya watu."

"Ndio ule ule, Kija."

"Sitamwambia mtu. Naapa kwa kaburi lile. Lakini mimi na yeye tulikuwa..." Akashika tumbo lake kwa juu, chini ya kifua. "Nina haki ya kujua nimebakiza muda gani."

Nikamshika mabega. Nikamweleza kila kitu, mbu, klorokwini aliyoitapika, daktari, Mama alivyouliza kwenye korido na alichojibiwa. Nilieleza kwa utaratibu, nikarudia. Alinisikiliza akinitazama usoni muda wote, kwa makini, kama mtu anayemtazama mwigizaji.

"Nenda ukapime na wewe," nikamwambia mwishoni. "Mimi nitakusindikiza."

Alitoa mikono yangu mabegani mwake, moja baada ya nyingine, bila hasira.

"Kama hutaki kuniambia, basi," akasema. Akafunga kitenge chake vizuri, akachukua ndoo iliyokuwa tupu, akaenda ziwani kuchota maji ya kuoshea vyombo vya msiba pamoja na wanawake wengine.